Mwalimu Skinner na Mkasi Wangu: Somo Kutoka Dokumentari ya Bendi

Wanachuo wenzangu, makala hii ilianza kama zoezi la darasani, na wala sikutegemea kama ingefika huku ilikofika.

Semista iliyopita, kwenye kozi ya mbinu za kufundisha historia, mhadhiri alitugawa katika makundi ya watu watano. Kila kundi litafute dokumentari moja, yaani filamu ya matukio ya kweli, kuhusu jambo ambalo hakuna mwanakundi anayelijua. Sharti kubwa lilikuwa hilo: msilijue kabisa. Alisema ukitazama filamu ya jambo unalolijua unabishana nayo kila dakika. Ukitazama ya jambo usilolijua unaimeza nzima nzima, kama vile mwanafunzi wa kidato cha pili anavyomeza kitabu chako cha historia. Alitaka tujione tukimeza.

Mwenzetu mmoja alikuwa na filamu kwenye flashi, kaipata kwa binamu yake anayependa magitaa. Inaitwa If I Leave Here Tomorrow, imeongozwa na Stephen Kijak na ilitoka mwaka 2018. Inahusu bendi ya Kimarekani iitwayo Lynyrd Skynyrd. Hakuna kati yetu aliyekuwa anaijua, na hata kulitamka hilo jina ilikuwa mtihani. Basi sharti tumelitimiza. Tukakaa kwenye vimbweta nyuma ya maktaba, watu watano na laptopu moja, tukaitazama.

BENDI YENYEWE

Kwa faida ya msomaji ambaye naye ni mgeni kama tulivyokuwa sisi, nieleze kwa kifupi.

Kuna aina ya muziki inaitwa roki ya Kusini. Kusini hapa ni majimbo ya kusini mwa Marekani: Florida, Georgia, Alabama, Mississippi na jirani zao. Ni roki iliyochanganywa na bluzi ya watu weusi na muziki wa kantri wa mashambani. Bendi ya Allman Brothers, iliyoanzishwa mjini Jacksonville mwaka 1969, ndiyo iliyofungua njia, na mmoja wa wapiga ngoma wake, Jaimoe, alikuwa mtu mweusi.

Lynyrd Skynyrd nao ni vijana wa Jacksonville, jimbo la Florida. Walianza kupiga pamoja mwaka 1964 wakiwa wanafunzi: Ronnie Van Zant akiimba, Gary Rossington na Allen Collins kwenye magitaa, Bob Burns kwenye ngoma na Larry Junstrom kwenye besi. Walikuwa watoto wa watu wa kawaida. Walibadilisha majina ya bendi mara kadhaa, wakapiga kwenye vilabu vidogo kwa miaka mingi, hadi mtayarishaji Al Kooper alipowaona mjini Atlanta. Albamu yao ya kwanza ilitoka mwaka 1973. Mwaka 1974 wimbo wao Sweet Home Alabama ulifika nafasi ya 8 kwenye chati za Billboard. Wakawa watu wakubwa, bendi ya magitaa matatu inayojaza viwanja.

Halafu ikaja tarehe 20 Oktoba 1977. Walikuwa wanatoka Greenville, South Carolina, wanaelekea Baton Rouge, Louisiana, kwa ndege ya kukodi. Ndege iliishiwa mafuta ikaangukia msituni karibu na Gillsburg, Mississippi. Kulikuwa na watu 26 ndani yake na sita walifariki: Van Zant mwenyewe, mpiga gitaa Steve Gaines, dada yake Cassie Gaines aliyekuwa mwimbaji, msaidizi wa meneja wa ziara, na marubani wote wawili. Albamu yao mpya ilikuwa na siku tatu tu tangu itoke, na kwenye jalada lake wamesimama katikati ya moto. Jalada hilo lilibadilishwa baadaye.

Tulipofika hapo kimbwetani palikuwa kimya. Mwenzetu mmoja aliyekuwa anachati muda wote aliweka simu chini. Mimi lakini akili yangu ilikuwa bado imebaki nyuma, dakika za mwanzo kabisa za filamu.

MWALIMU WA MICHEZO

Jina Lynyrd Skynyrd limetokana na mwalimu.

Pale Jacksonville palikuwa na shule ya sekondari iliyoitwa Robert E. Lee, kwa jina la jenerali wa majimbo ya Kusini yaliyopigana vita ili utumwa usiondolewe. (Jina hilo limeondolewa mwaka 2021, sasa inaitwa Riverside.) Rossington na Burns walisoma hapo. Miaka ya 1960 shule ilikuwa na kanuni kwamba nywele za mvulana zisiwe ndefu. Wakati huo kila kijana mwenye gitaa alitaka nywele ndefu. Mwalimu wa michezo, jina lake Leonard Skinner, alikuwa mkali sana katika kanuni hiyo. Akikukamata unapelekwa ofisini, na ofisini unarudishwa nyumbani.

Rossington alichoka, akaacha shule. Inasimuliwa kwamba baba yake Ronnie, mzee Lacy Van Zant, alikwenda shuleni kumwombea. Alieleza kwamba kijana amefiwa na baba, mama yake ni mjane, na senti anazopata kwenye bendi zinasaidia nyumbani. Nywele ni sehemu ya kazi yake. Wakuu wa shule wakasikitika naye, lakini jibu likawa kanuni ni kanuni.

Vijana wakalipiza kwa utani. Wakaipa bendi jina la mwalimu, kisha wakabadilisha irabu zake wakapachika y kila mahali, Lynyrd Skynyrd, ili isionekane wazi. Hata jina la albamu ya kwanza ni maelezo ya namna ya kulitamka jina hilo. Fikiria kidogo hapo. Mamilioni ya watu duniani wamejifunza kutamka jina la mwalimu wa michezo wa shule moja ya Jacksonville, na wamejifunza kutoka kwa mtoto aliyemfukuza darasani.

Wenzangu walicheka sana. Filamu nzima ina zaidi ya saa moja na nusu, na Mwalimu Skinner ni kipande kifupi tu, kichekesho cha kufungulia. Mimi sikucheka.

MKASI WANGU

Mwaka jana nilikuwa fildi, mafunzo ya ualimu kwa vitendo, kwenye shule moja ya sekondari ambayo sitaitaja. Wiki ya tatu nikapangwa mwalimu wa zamu. Jumatatu asubuhi, kabla ya mstari, mwalimu wa nidhamu akanipa mkasi akaniambia nisimame getini. Kila mwenye nywele ndefu nimkate barabara.

Waliosoma shule zetu wanajua barabara ni nini. Mwalimu anapitisha mkasi katikati ya kichwa, anaacha mstari mtupu, ili mwanafunzi aone aibu akanyoe zote. Mimi mwenyewe niliwahi kukatwa nikiwa kidato cha kwanza. Nililia njia nzima hadi nyumbani.

Siku hiyo niliwakata watatu. Wa tatu alikuwa kijana wa kidato cha tatu, mpole, ndiye aliyekuwa akijibu maswali yangu ya historia wakati wengine wanasinzia. Alisema, "Madamu, naomba nikueleze kidogo." Nikamwambia utaeleza kwa kinyozi. Nyuma yangu mwalimu wa nidhamu akaongeza, "Samaki mkunje angali mbichi." Walimu wawili waliokuwa karibu wakacheka, na mimi nikacheka, maana nilitaka wanione kama mwenzao.

Yule kijana hakuonekana siku tatu. Jumanne kulikuwa na jaribio langu, akapata sifuri ya kutokuwepo. Alhamisi alirudi kichwa kikiwa cheupe. Alikaa nyuma badala ya mbele, na tangu siku ile hadi naondoka hakunyoosha mkono tena. Alichotaka kunieleza sikukijua, kwa sababu sikumuuliza hata aliporudi. Niliona haya. Ripoti yangu ya fildi ilisema nina "usimamizi mzuri wa nidhamu." Nilipata A.

Sasa mnaelewa kwa nini sikucheka pale kimbwetani.

MASWALI MANNE YA KUIULIZA DOKUMENTARI

Wahenga walisema mwamba ngoma huvutia kwake. Dokumentari ya muziki ni ngoma iliyowambwa na mtu, na ina upande iliovutiwa. Hiyo haina maana kwamba ni ya uongo. Ina maana ushahidi wake tuupime kama tunavyopima ushahidi mwingine wowote. Zoezi letu lilitupa maswali manne, na naamini yanafaa hata kwenye darasa la kidato cha pili lisilo na projekta.

La kwanza: nani anazungumza? Kwenye filamu hii msimulizi mkubwa ni Gary Rossington. Ilipotoka, Collins alikuwa amefariki tangu 1990 na Burns tangu 2015. Rossington ndiye pekee kati ya waanzilishi aliyekuwa bado yumo kwenye bendi. Sauti ya Van Zant ipo, lakini ni ya kwenye mahojiano ya zamani, hawezi kujibu wala kukanusha kitu. Tarehe 5 Machi 2023 Rossington naye alifariki, kwa hiyo hata yeye hatuwezi kumrudia na swali la nyongeza. Mwanafunzi aambiwe: unasikiliza kumbukumbu ya mtu aliyebaki. Aliyebaki anasimulia akiwa na uchungu na mapenzi, na vyote viwili huchagua cha kukumbuka.

La pili: nani yumo lakini hasikiki? Chukua ule wimbo wa Alabama. Ulikuwa ni jibu kwa Neil Young, mwanamuziki wa Kanada aliyeimba akiwalaumu watu wa Kusini kwa ubaguzi. Waliotunga jibu hilo ni Rossington, Van Zant na Ed King. Wawili ni wa Florida, wa tatu ni wa California. Wa Alabama hayumo hata mmoja! Halafu ukisikiliza kiitikio utasikia wanawake. Ni Merry Clayton na Clydie King, waimbaji weusi. Clayton alishaeleza kwamba mwanzoni alikataa, kwa sababu Alabama kwake ilikuwa ni Birmingham, ambako mwaka 1963 bomu liliwaua wasichana wanne weusi kanisani. Mume wake ndiye aliyemshauri aende akaimbe. Mtu anaweza kuucheza wimbo huu maisha yake yote asijue kwamba kwenye kiitikio kuna mwanamke aliyekuwa na mgogoro na kila neno lake.

La tatu: kitu hiki kiliwekwa na nani, kwa faida ya nani? Kwa miaka mingi bendi ilisimama mbele ya bendera ya vita ya Kusini, bendera ya upande uliotetea utumwa. Van Zant aliwahi kusema kwamba hiyo ilikuwa mbinu ya kampuni ya kurekodi, MCA, ili kuwauza kama vijana wa Kusini. Sawa, tuchukue kwamba kampuni ndiyo iliyoanza. Ila bendera iliendelea kupepea miaka na miaka. Mwaka 2012 Rossington alipotangaza kwamba wanaiacha, mashabiki wakaja juu, naye akalegeza msimamo. Kwa hiyo jibu la "kampuni ndiyo iliyoanza" linatufikisha nusu ya njia tu. Kitu kikishaleta watu uwanjani, kila anayekula pale anakuwa na mkono wake.

La nne: nani ana ruhusa ya kusimulia? Hili ndilo lililotushangaza kuliko yote. Baada ya ajali walionusurika waliapa kutolitumia tena jina la bendi. Miaka kumi baadaye, 1987, walirudi jukwaani, mdogo wake Ronnie, Johnny Van Zant, akiimba. Mjane wa Ronnie akaenda mahakamani, na mwaka 1988 wakafikia makubaliano kuhusu nani atumie jina na historia ya bendi, na kwa namna gani. Sasa mpiga ngoma Artimus Pyle, aliyetoka kwenye mabaki ya ndege akiwa ameumia mbavu akatembea kutafuta msaada, aliposhirikiana na kampuni moja kutengeneza filamu ya ajali ile, jaji wa New York aliizuia mwaka 2017. Mwaka uliofuata mahakama ya rufaa ikaliondoa zuio. Yaani mtu alikuwa ndani ya ndege, na bado ilibidi majaji waamue kama simulizi yake inaweza kuwa filamu. Unapotazama dokumentari yoyote, jua kwamba nyuma yake kuna karatasi zilizosainiwa, na mwingine hakupewa karatasi hizo.

SKINNER ALIPATA NAFASI GANI?

Tulipowasilisha, mimi ndiye niliyepewa swali la pili. Baada ya kuwazungumzia Clayton na King nikasema yupo na wa tatu asiyesikika, naye ni mwalimu. Darasa likacheka. Nikaendelea.

Kumbe Leonard Skinner aliishi hadi tarehe 20 Septemba 2010, akafariki na miaka 77. Aliwahi kujieleza, ila maelezo yake hayakuenda mbali kama utani. Alisema kanuni ya nywele ilikuwa ya shule, hakuitunga yeye. Hakupenda sana nywele ndefu kwa wanaume, lakini alikuwa anatekeleza tu. Baadaye alifanya biashara ya nyumba na viwanja. Bendi ikaweka picha ya kibao cha biashara hiyo, na namba ya simu ikionekana, kwenye albamu yao ya tatu. Watu wakawa wanampigia hadi usiku wa manane. Ila mambo hayakuishia pabaya. Walipatana, na kuna onyesho moja pale Jacksonville ambalo yeye mwenyewe alipanda jukwaani kuwakaribisha kwa mashabiki.

Napenda kwamba walipatana. Lakini angalia mizani yake. Waliweza kupatana kwa sababu wale vijana walifanikiwa, wakarudi wakiwa wakubwa kuliko yeye, wakaweza kusamehe kwa kicheko. Jacksonville ya miaka ile lazima ilikuwa na vijana wengine walioacha shule kwa sababu ya nywele, wasio na bendi, wasio na gitaa. Hao hawana dokumentari. Ukiwauliza watu kwa nini kanuni kali hazimharibu mtoto, watakutajia waliofanikiwa, kwa sababu ndio wanaoonekana.

Na maneno ya Skinner, kwamba haikuwa kanuni yake, niliyajua kabla sijayasoma. Ndiyo maneno niliyojiambia mwaka mzima kuhusu ule mkasi. Kanuni haikuwa yangu, mkasi haukuwa wangu, geti halikuwa langu. Mkono tu ndio ulikuwa wangu.

Mhadhiri aliniuliza mbele ya darasa, "Je, shule iwe haina kanuni?" Nikajibu hapana. Shule yenye wanafunzi mia nane haiwezi kuendeshwa kwa kila mtu na lake, na hata kanuni ya nywele ina watetezi wenye hoja: usafi, usawa, mtoto wa tajiri asijitambe na mtindo. Sibishani nayo leo. Ninachosema ni kwamba kanuni inaweza kusubiri dakika mbili. Mzee Lacy Van Zant alikwenda shuleni na maelezo ya kweli kuhusu mama mjane, akasikilizwa, kisha akajibiwa kana kwamba hakusema kitu. Yule kijana wangu hakufika hata huko. Aliomba "kidogo", nikamnyima.

KABLA YA FILDI INAYOKUJA

Wengi wetu wa ualimu tunakwenda fildi ya pili hivi karibuni. Tutakuwa na maandalio ya somo, fomu za tathmini, na pesa ya bumu isiyotosha nauli. Nashauri tubebe pia yale maswali manne, maana yanafanya kazi getini kama yanavyofanya kwenye filamu. Nani anazungumza hapa? Nani yupo lakini hasikiki? Jambo hili liliwekwa na nani, linamfaa nani? Nani amepewa ruhusa ya kueleza upande wake?

Mimi nimeomba kurudi shule ile ile. Wenzangu wananishangaa, wanasema nitafute shule ya mjini, karibu na hosteli. Nimekataa. Yule kijana sasa atakuwa kidato cha nne, mwaka wa mtihani. Huenda hanikumbuki, au ananikumbuka kwa jina la utani nisilolijua, kama lile la Mwalimu Skinner. Vyovyote vile nitamtafuta wiki ya kwanza, kabla sijapangiwa zamu, nimwambie nimekuja kusikia kile alichotaka kunieleza.

Na nikipewa mkasi, nitaurudisha ofisini mikono miwili, kwa heshima, na kusema sitaweza. Hiyo A ya nidhamu wampe mwingine.